Somo la Afya: Korona za Aina Nyingi – Ipi Huenea Mbio, Ipi Huumiza Zaidi?



Hivi karibuni tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama na wazee wachache, si mbali na Ziwa. Tulikuwa tumeitwa kuzungumza juu ya kuhifadhi mahindi. Tulipomaliza habari za ghala na dumuzi, mweka hazina akainua mkono. Akasema, "Hayo ya mahindi tumeyasikia, asanteni. Sasa mtujibu lingine. Redioni walituambia Omicron ni kama homa tu, kali ilikuwa ni Delta. Mbona baba mkwe wangu alipita salama mwaka mzima wa Delta, halafu Omicron ikamuua Januari 2022?"

Watu wakanyamaza. Wengine wetu tulitazama chini. Tuliahidi kurudi na jibu, na somo hili ndilo jibu lenyewe. Tumeona heri tuliandike kwa vikundi vyote, maana swali la mama huyu si lake peke yake. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, na mahali pagumu msimame mzungumze kwanza kabla ya kuendelea.

Kwa nini virusi hubadilika

Kirusi cha korona ni kidogo mno, jicho halikioni. Ndani yake kuna maagizo ya kutengeneza virusi vingine kama yeye, sawa na karatasi ya mapishi. Maagizo hayo yana urefu wa herufi karibu 30,000. Kirusi kikiingia mwilini mwa mtu, karatasi hiyo hunakiliwa tena na tena, mara nyingi sana.

Sasa hebu fikirini. Katibu wenu akiambiwa anakili kumbukumbu za mkutano kwa mkono mara mia moja, si atakosea? Mahali palipoandikwa "pika kuku" ataandika "piga kuku". Herufi moja tu, na maana imegeuka. Ndivyo virusi vinavyokosea. Makosa mengi hayabadilishi kitu, na mengine hukiharibu kirusi chenyewe. Lakini mara mojamoja kosa hukifaa: kinashika koo vizuri zaidi, au kinabadilisha sura ili mwili usikitambue. Kirusi cha namna hiyo huzaa kuliko wenzake, na baada ya miezi michache ndicho mnachokikuta kila mahali.

Hakuna akili hapo, wala hakuna mtu aliyekaa chini akapanga. Mfugaji anajua habari hii tayari. Ukiosha ng'ombe kwa dawa ileile ya josho mwaka baada ya mwaka, kupe wanaostahimili dawa ndio wanaobaki, na hao ndio wanaozaa.

Kirusi cha korona kina miiba kwa nje. Kwa miiba hiyo hushika chembe za mwili wetu na kuingia. Kinga ya mwili nayo hujifunza kuitambua miiba hiyohiyo, iwe ni baada ya kuugua au baada ya kuchanjwa. Ndiyo sababu wataalamu wakisikia miiba imebadilika, wanakosa usingizi.

Kila aina mpya huulizwa maswali matatu

Watu wengi huuliza moja tu: "Hii mpya ni kali?" Hilo halitoshi. La kwanza, je, inaenea mbio kuliko iliyotangulia? La pili, inamlaza mtu na kumuua zaidi? La tatu, inaweza kumpata tena mtu aliyekwisha kuugua au kuchanjwa? Majibu ya matatu hayaendi pamoja. Aina moja yaweza kuwa na mbio lakini si kali, nyingine kali lakini haina mbio. Nyingine, kwa bahati mbaya, ina yote mawili.

Kwanza neno juu ya majina. Zamani watu walisema "korona ya Uingereza", "korona ya India", na wenye asili ya nchi hizo walitazamwa vibaya madukani na barabarani. Tarehe 31 Mei 2021 Shirika la Afya Duniani likaamua aina kubwa zipewe herufi za Kigiriki: Alpha, Beta, Gamma, Delta. Ilikuwa ni busara. Aina ikionekana mahali fulani kwanza, maana yake mara nyingi ni kwamba maabara ya hapo yalikuwa macho.

Alpha, Beta na Gamma

Ugonjwa wenyewe ulitangazwa Wuhan, China, mwisho wa mwaka 2019, na mgonjwa wa kwanza hapa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mnakumbuka yaliyofuata: shule zikafungwa, makanisa na misikiti ikafungwa, kafyu ikaanza mwisho wa mwezi huohuo. Virusi vile vya kwanza, mgonjwa mmoja aliambukiza wastani wa watu wawili hadi watatu, pale ambapo hakukuwa na hatua zozote za kuzuia.

Alpha ilijulikana Uingereza kuelekea mwisho wa 2020. Ilienea kwa kasi ya karibu mara moja na nusu ya ile ya mwanzo, na uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kwamba hatari ya kufa nayo ilipanda pia, kwa karibu asilimia 60. Wekeni hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Beta ilitambuliwa Afrika Kusini wakati uleule. Ubaya wake ulikuwa kwenye swali la tatu. Iliweza kuikwepa kinga, na Februari 2021 Afrika Kusini ilisimamisha mpango wa kutumia chanjo ya AstraZeneca, kwa kuwa majaribio yalionyesha haizuii vizuri ugonjwa mdogo na wa wastani unaoletwa na Beta. Gamma ilisumbua Brazil, hasa mji wa Manaus, na hapa kwetu haikutuathiri sana.

Alpha na Beta zote zilikuwa hapa Kenya wimbi la Machi 2021 lilipopanda. Ndipo Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia.

Delta

Delta ilionekana kwanza India mwishoni mwa 2020. Kufikia mwanzo wa Mei 2021 nchi hiyo ilikuwa ikiandika wagonjwa wapya zaidi ya 400,000 kwa siku moja, na hao ni wale waliopimwa. Watu walitembea hospitali hadi hospitali wakitafuta mtungi wa oksijeni. Nasi tuliziona picha hizo kwenye televisheni, tukadhani ni mambo ya mbali.

Hayakuwa ya mbali. Mwezi huohuo wa Mei Delta ilipatikana Kisumu. Tarehe 17 Juni 2021 serikali ikatangaza masharti makali kwa kaunti 13 za upande wa Ziwa na magharibi: Busia, Bungoma, Kakamega, Vihiga, Siaya, Kisumu, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Kericho, Bomet na Trans Nzoia. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Mazishi yalitakiwa yafanywe ndani ya saa 72. Kwa watu wetu, ambao hukaa na maiti wao mpaka wa mbali wafike, hilo liliuma kuliko kafyu. Baadaye Delta ilipanda nchi nzima, na Agosti hospitali zilijaa.

Delta ilikuwa ile ya bahati mbaya tuliyoitaja. Ilienea mbio kuliko Alpha, mgonjwa mmoja akiweza kuambukiza watano au zaidi pale pasipo na kinga wala hatua. Na ilikuwa kali kuliko Alpha. Hesabu za Uingereza zilionyesha hatari ya kulazwa hospitalini ilikuwa karibu maradufu ya ile ya Alpha.

Hapa tusimame kidogo, maana kuna msemo umeenea sana vijijini na hata mijini: "Virusi vikikaa sana hulegea vyenyewe." Sivyo. Alpha ilikuwa kali kuliko ya mwanzo, na Delta ikawa kali kuliko Alpha. Kirusi hakina sababu ya kukuonea huruma. Mtu wa korona huambukiza wenzake siku chache za mwanzo, hata kabla hajajua anaumwa. Akifa, hufa wiki mbili au tatu baadaye, wakati kirusi kimekwisha kuhamia kwa wengine zamani. Kwa kirusi, mgonjwa wake apone au azikwe ni mamoja.

Omicron

Tarehe 24 Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini waliliarifu Shirika la Afya Duniani juu ya aina iliyokuwa na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye miiba peke yake. Botswana nao walikuwa wameiona. Siku mbili baadaye ikaitwa Omicron. Na shukrani waliyopewa waliosema ukweli ilikuwa gani? Nchi tajiri zilifunga njia za ndege kutoka kusini mwa Afrika. Baadaye Uholanzi wakagundua kwamba Omicron ilikuwemo katika vipimo vilivyochukuliwa kwao kabla ya safari hizo kufungwa. Sisi tunaona lile lilikuwa jambo la aibu, na lina somo hata kwa kijiji: mwenye kusema mapema kwamba nyumba yake ina ugonjwa asiadhibiwe, la sivyo wa pili ataficha.

Hapa Kenya Omicron ilitangazwa katikati ya Desemba 2021. Kafyu ilikuwa imeondolewa tarehe 20 Oktoba. Watu walikuwa wakisafiri kwenda nyumbani kwa Krismasi, matatu zimejaa, harusi zilizoahirishwa mwaka mzima zikifanywa wikendi moja. Mwishoni mwa mwezi ule, kuna siku ambazo zaidi ya robo ya waliopimwa walikutwa nayo.

Mbio zake zilizidi za Delta kwa sababu mbili. Kwanza, iliikwepa kinga, hivyo hata aliyeugua Delta mwezi wa Agosti aliipata tena Desemba. Pili, ilikuwa na haraka. Virusi vya mwanzo vilimchukua mtu siku tano au sita tangu kuambukizwa hadi kuanza kuumwa. Omicron, kama siku tatu.

Na ukali? Hapo redio haikudanganya. Uingereza walilinganisha wagonjwa zaidi ya milioni moja wa Delta na Omicron, wakaona mtu wa Omicron alikuwa na hatari ya kulazwa isiyofika nusu ya ile ya Delta, na hatari ya kufa kama theluthi moja. Katika maabara ya Hong Kong ilionekana kwamba Omicron huzaana haraka sana katika njia za hewa lakini vibaya ndani ya mapafu. Hiyo ndiyo sababu wengi waliumwa koo na kichwa, wakapiga chafya, wakarudi shambani baada ya siku chache.

Lakini kulinganisha huku kunahitaji uangalifu. Mkipanda mahindi ya aina moja mwaka huu bila mbolea, na mwaka ujao mkapanda aina nyingine kwa mbolea ya ng'ombe, mkivuna magunia mengi mtasema mbegu ya pili ni bora? Mbolea je? Virusi vya kwanza viliikuta miili isiyojua chochote. Omicron iliikuta miili ambayo mingi imekwisha kuugua au kuchanjwa. Upole wake mwingine ulikuwa ni wake, na mwingine ulikuwa ni kazi ya kinga zetu.

Mtajuaje? Tazameni mahali ambapo mbolea haikuwepo. Hong Kong walizuia korona vizuri sana miaka miwili ya kwanza. Kabla ya wimbi la Omicron walikuwa wamepoteza watu 213 tu. Lakini kwa kuwa ugonjwa haukuwafikia, wazee wao wengi hawakuona haja ya chanjo. Omicron ilipoingia mwanzo wa 2022, katika miezi michache walikufa zaidi ya watu 9,000, wengi wao wazee ambao hawakuwa wamechanjwa ipasavyo. Ni Omicron hiihii iliyoitwa homa tu.

Hesabu ya kufanya kwa mahindi

Chukueni punje za mahindi mezani. Namba hizi ni za mfano wa kuhesabu tu, si za ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa wa kwanza: kila mgonjwa huambukiza wawili, na kati ya wagonjwa 100 mmoja hufa. Anza na mgonjwa mmoja. Anaambukiza 2, hao 4, halafu 8, 16, 32, na mzunguko wa sita ni 64. Katika wagonjwa 64 huenda msizike hata mmoja.

Sasa tuufanye mkali maradufu: kati ya 50 anakufa mmoja. Mzunguko wa sita ni walewale 64. Labda mtazika mmoja.

Sasa badala ya kuongeza ukali, tuupunguze nusu: mmoja kati ya 200 ndiye anayekufa. Lakini kila mgonjwa huambukiza wanne. Hesabuni: 4, 16, 64, 256, 1,024, na mzunguko wa sita 4,096. Punje zitawaishia mezani kabla ya kufika. Gawanyeni 4,096 kwa 200. Makaburi 20.

Ugonjwa "mpole" umezika 20, na ule mkali umezika mmoja. Katika kikundi kile tulipofanya hesabu hii, mzee mmoja alidai tumemdanganya, akahesabu upya mwenyewe hadi mara tatu. Kwa mtu mmoja aliyelala kitandani, ukali ndio wa kuogopwa. Kwa kijiji kizima, mbio.

Basi, jibu la mama yetu

Tulirudi kwa mweka hazina, tukakaa naye. Tulimuuliza juu ya baba mkwe wake. Mzee alikuwa amepita miaka 75, ana sukari, hakuchanjwa. Wakati wa Delta familia ilimlinda. Hakwenda sokoni, wala hakwenda kwenye mazishi ya jirani, na wajukuu wa Nairobi hawakuja kwa sababu ya kafyu. Delta haikumkosa kwa upole. Haikumkuta tu. Desemba masharti yalilegea, redio ikasema ni homa, nyumba ikajaa wageni. Mjukuu mmoja alikuwa akikohoa kidogo. Watu sita wa boma lile waliumwa, watano wakapona bila hata kumeza panadol. Wa sita alikuwa mzee, na hospitali walipompima wakasema ni korona. Mwili wake ulikutana na kirusi hiki kwa mara ya kwanza, bila kinga yoyote, akiwa na umri ule na sukari ile.

Mama alikaa kimya. Halafu akasema, "Kwa hiyo si kwamba tulimfungia bure ule mwaka." Tukamwambia hapana, mama. Mlimpa miezi sita.

Na leo?

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura. Halikusema virusi vimekwisha. Matawi ya Omicron yameendelea kufuatana, BA.2, BA.5, XBB, JN.1 na mengine yaliyotokana nayo, kila moja likimsukuma mwenzake nje kwa kuikwepa kinga kidogo zaidi. Hadi tunapoandika, hayajaonyesha kurudisha ukali wa Delta. Hapa nchini kazi ya kusoma zile herufi 30,000 imekuwa ikifanywa na watafiti wa KEMRI, Kilifi. Kwa hiyo mkisikia jina jipya redioni, msikimbie wala msicheke. Ulizeni yale maswali matatu.

Nyumbani mambo ni yaleyale kwa kila aina. Mwenye kukohoa akae mbali na wazee siku hizo, avae barakoa akilazimika kuwahudumia, madirisha yafunguliwe hata kama kuna baridi. Mkutano unafaa zaidi chini ya mwembe kuliko ndani ya chumba cha mabati kilichofungwa. Wazee, wenye sukari au presha, wajawazito, na wenye virusi vya ukimwi wasiotumia dawa ndio wa kuangaliwa kwanza. Waulize zahanati kuhusu chanjo. Mtu akishindwa kupumua, akiumwa kifua, akichanganyikiwa, au midomo ikigeuka rangi, asingojee asubuhi, apelekwe hospitali. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kisiitwe korona kwa kukisia. Mgonjwa apimwe kifua kikuu.

Ya kuzungumza kikundini

Katika boma lenu ni nani ambaye mngemlinda kwanza, na ni nani angeachiwa kazi ya kumpelekea chakula? Mfuko wa dharura wa kikundi una pesa za kukodi gari usiku, au zote ziko kwenye mikopo? Mjukuu akifika na mafua usiku wa Krismasi, nani atamwambia alale nyumba nyingine, na kwa maneno gani asije akaona amefukuzwa?